Seva ya muziki kwa bajeti ndogo: kompyuta mpakato ya mtumba, DAC na spika za sebuleni

Nyumba nyingi za Arusha zina muziki mwingi kuliko ule unaosikilizwa. Kaseti za wazee ziko kwenye boksi juu ya kabati, CD zimebaki na deki lisilosoma tena, flashi zimejaa nyimbo zisizo na majina, na simu ya kila mtu ina kipande chake. Seva ya muziki hukusanya vyote hivyo kwenye kompyuta moja ndogo iliyounganishwa na amplifaya, nawe unachagua wimbo kwa simu ukiwa umekaa kwenye kochi. Kusikiliza hakuhitaji bando. Mtandao ukikatika, muziki unaendelea.

Msimamo wangu nauweka mapema, maana mwongozo wote umejengwa juu yake: fedha yako iende kwenye spika na kwenye nakala ya akiba, isiishie kwenye kompyuta. Kazi ya kompyuta hapa ni kusoma tarakimu kwenye diski na kuzifikisha kwenye DAC, yaani kifaa kinachogeuza tarakimu kuwa sauti, bila kuzibadilisha. CD ina sampuli 44,100 kwa sekunde, kila sampuli biti 16, chaneli mbili. Jumla yake ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, na mzigo huo hata kompyuta ya mwaka 2011 inaubeba bila kuhema. Sampuli 44,100 zinatosha kubeba sauti hadi hezi 22,050, na sikio la kijana mwenye afya huishia karibu na hezi 20,000. Kwa hiyo usihangaike na mafaili makubwa ya biti 24 kabla hujapata spika zinazokuridhisha.

Hatua ya 1: Tafuta kompyuta

Kwa mazingira yetu chaguo langu la kwanza ni kompyuta mpakato ya mtumba iliyovunjika kioo. Kioo kikivunjika bei inaanguka, ilhali seva haihitaji kioo baada ya siku ya kwanza. Na kitu chenye thamani zaidi ndani yake ni betri. Umeme ukikatika ghafla wakati diski inaandika, mafaili yanaweza kuharibika. Kompyuta yenye betri inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na ukijua umeme hautarudi leo unaizima kwa utaratibu. Huna haja ya kununua UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika.

Tafuta zile za kiofisi: Lenovo ThinkPad X220, X230 au T430, Dell Latitude E6430, HP EliteBook za miaka hiyohiyo. Zilitengenezwa kwa kazi ngumu, vipuri vyake havisumbui, na Linux, mfumo wa uendeshaji wa bure tutakaoutumia, inazitambua vizuri. RAM ya gigabaiti 4 inatosha kabisa. Ukienda dukani mjini, beba waya wa VGA na uombe kuunganisha kwenye skrini yao. Iwashe, chomoa chaja, kisha endelea kuzungumza na muuzaji kwa dakika 20. Ikizima katikati ya mazungumzo, betri imekufa, na bei ishuke tena. Ilaze juu ya meza: ikiyumba, au kama padi ya kugusa (touchpad) imeinuka, betri imevimba. Hiyo usiinunue na betri yake kwa bei yoyote, ni hatari ya moto.

Mbadala mzuri ni kompyuta ndogo ya ofisini isiyo na feni, mfano HP t620. Ni kimya kabisa, jambo linaloonekana usiku ukisikiliza gitaa peke yake. Kasoro yake ni kukosa betri. Na ukiwa Moshi, ambako joto ni kubwa kuliko huku kwetu, usiifungie ndani ya kabati la runinga. Iache mahali hewa inapita. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, nayo inafaa, ila kadi yake ya memori haipendi umeme wa kukatika-katika, na ukishanunua adapta nzuri, kasha na kadi, gharama imeshaikaribia ile ya kompyuta mpakato.

Kitu ambacho ningekikwepa ni ile dekstopu kubwa ya zamani ambayo mtu anakupa bure. Fanya hesabu ya LUKU. Kifaa cha wati 10 kinachowaka saa 24 kinakula uniti 7.2 kwa mwezi wa siku 30. Dekstopu ya wati 70 inakula uniti 50. Kama nyumba yako iko daraja la D1, lile la umeme wa bei nafuu, ambalo mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, dekstopu hiyo moja inaweza kukutoa kwenye daraja, na zawadi ya bure ikawa ghali kuliko zote.

Hatua ya 2: Diski, na jinsi ya kutodanganywa

Unahitaji SSD (diski isiyozunguka) ndogo ya gigabaiti 120 kwa ajili ya mfumo, na diski ya muziki ya gigabaiti 500 au zaidi, ya ndani au ya nje. Muziki tutauhifadhi kwa FLAC, mfumo unaobana faili bila kupoteza hata biti moja. Saa moja ya CD ni takribani megabaiti 635. Kwa FLAC hupungua hadi karibu nusu au zaidi kidogo. Albamu ya kawaida ukiihesabia megabaiti 300, diski ya gigabaiti 500 inabeba kama albamu 1,500. Ni familia chache zenye muziki huo.

Diski ya mtumba si dhambi, lakini ikague. Ukishaweka Linux, sakinisha smartmontools kisha andika:

sudo smartctl -a /dev/sda

Angalia mistari mitatu. Power_On_Hours ni saa ilizofanya kazi. Mwaka mzima bila kuzimwa ni saa 8,760, kwa hiyo saa 40,000 maana yake imefanya kazi zaidi ya miaka minne mfululizo. Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector zinatakiwa ziwe sifuri. Zikiwa na namba yoyote, rudisha diski hiyo, hata kama kwa sasa inasoma vizuri.

Flashi na SSD za bei ya ajabu zina tatizo lingine: zinajitangaza terabaiti 2 kumbe ndani kuna gigabaiti 32, na ukizijaza zinaandika juu ya ulichoweka mwanzo. Programu ya f3 inalimaliza hilo. Amri ya f3write inaijaza diski, f3read inaisoma upya na kukwambia ukweli. Fanya hivyo kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha.

Hatua ya 3: DAC, amplifaya na spika

Tundu la hedifoni la kompyuta mpakato lipo karibu na saketi zenye kelele. Mara nyingi utasikia mkwaruzo mdogo nyuma ya muziki, hasa diski inapozunguka. DAC ya nje ya USB inaondoa hilo. Hata ile adapta ndogo ya Apple ya USB-C kwenda tundu la hedifoni inatoa sauti safi sana kwa umbo lake, ingawa feki ni nyingi mno mitaani. Ukiweza kuongeza, FiiO na Topping wana DAC ndogo nzuri. Hakikisha inafuata kanuni ya kawaida ya USB Audio, ili Linux iitambue bila kuiwekea programu ya ziada.

Amplifaya za mtumba za Technics, Pioneer, Kenwood, Sony na JVC bado zinapatikana, na nyingi ni nzito na za maana. Kabla hujachomeka, geuza nyuma usome kibandiko. Umeme wetu ni volti 230. Amplifaya iliyotoka Japani inaweza kuwa ya volti 100, ya Marekani volti 120, na hizo ukizichomeka moja kwa moja zinaungua papo hapo. Nyingine zina swichi ya kuchagua volti nyuma. Iweke sawa kwanza. Zungusha kitufe cha sauti ukiwa umewasha: ikikwaruza ni vumbi tu, fundi redio anasafisha kwa dawa ya kunyunyizia.

Spika zinahitaji macho na vidole. Toa kitambaa cha mbele, bonyeza koni taratibu kwa vidole viwili pande zote, isikwaruze. Angalia sponji inayozunguka koni. Ikiwa imekauka na kumeguka, spika hiyo itapasuka kwenye besi ya kwanza, ingawa fundi anaweza kubadilisha sponji kwa gharama isiyotisha. Kama duka halina amplifaya, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye nyaya zake kwa nukta moja: koni nzima itaruka na kutoa mlio mfupi.

Na sabufa je? Zile za 2.1, yaani spika mbili ndogo na sabufa moja, zilizojaa sebuleni kwetu zinafaa sherehe. Kwa kusikiliza zina shimo katikati: besi ipo, sauti kali ipo, ila pale inapokaa sauti ya mwimbaji na gitaa la kati pamekonda. Anza nayo kama ndiyo uliyonayo. Ukipata fedha, badilisha hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya 4: Weka Debian

Debian ni aina mojawapo ya Linux. Shusha toleo lake dogo, lile la netinst, ambalo halifiki gigabaiti 1. Liandike kwenye flashi kwa kutumia Rufus au balenaEtcher. Unganisha kompyuta na runinga, iwashie kutoka kwenye flashi, fuata maswali. Nywila ya root, yaani msimamizi mkuu, iache wazi, ili mtumiaji wako apewe ruhusa ya sudo, ile ya kutoa amri za msimamizi. Ukifika kwenye orodha ya programu, ondoa alama kwenye mazingira ya dirisha na uache mbili tu: SSH, inayokuwezesha kuiamuru seva ukiwa kwenye kompyuta nyingine, na zana za kawaida. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, programu za kuendeshea kadi nyingi za Wi-Fi zimo humohumo, hivyo kwa kawaida huna cha kutafuta pembeni.

Kompyuta mpakato hulala ukiifunga. Fungua /etc/systemd/logind.conf, kwenye mstari wa HandleLidSwitch ondoa alama ya reli (#) mwanzoni na uandike:

HandleLidSwitch=ignore

Kwa ThinkPad, weka pia programu ya TLP na uiagize isijaze betri zaidi ya asilimia 80. Betri inayokaa imejaa mwaka mzima huchakaa haraka, na hiyo ndiyo UPS yako.

Kwenye ruta, ipe kompyuta hii anwani isiyobadilika. Huna ruta? Hotspoti ya simu inatosha, hata data ikiwa imezimwa, kwa sababu simu na seva zinaongea zenyewe kwa zenyewe.

Hatua ya 5: MPD

MPD ni programu iliyoanza mwaka 2003, nyepesi, haina mbwembwe, na inafanya jambo moja: kupiga muziki. Andika:

sudo apt install mpd mpc alsa-utils
sudo mkdir -p /srv/muziki

Muziki uweke humo, usiuweke kwenye folda yako binafsi, kwa sababu MPD hukimbia kama mtumiaji wake mwenyewe na kwako haingii. Chomeka DAC, kisha uliza mfumo unaionaje:

aplay -l

Utaona orodha ya kadi za sauti, kila moja na jina fupi baada ya namba. Chukua jina. Namba hubadilika ukiwasha upya, jina halibadiliki. Sasa fungua /etc/mpd.conf uweke:

music_directory "/srv/muziki"
bind_to_address "0.0.0.0"
auto_update "yes"
metadata_to_use "+comment"
audio_output {
  type "alsa"
  name "Sebuleni"
  device "hw:CARD=JINA,DEV=0"
  mixer_type "none"
}

Badala ya JINA andika jina la DAC yako. Neno hw ndilo linalohakikisha tarakimu zinakwenda moja kwa moja bila kuchanganywa wala kubadilishwa kasi. Mixer_type "none" inaondoa udhibiti wa sauti kwenye simu: utapandisha na kushusha kwa kitufe cha amplifaya, kama redio zilivyokuwa. Lakini kwa adapta ya Apple, ingia kwanza kwenye alsamixer, programu ya viwango vya sauti, upandishe kiwango chake hadi juu, maana huanzia chini na utadhani ni mbovu.

Anzisha upya MPD, sakinisha M.A.L.P. kwenye simu ya Android, iandikie anwani ya seva na mlango 6600. Piga wimbo uliotoka kwenye CD, halafu hakiki. Usiamini masikio peke yake hapa:

cat /proc/asound/JINA/pcm0p/sub0/hw_params

Mstari wa rate ukisema 44100, kila kitu kiko sawa. Ukisema 48000, kuna kitu njiani kinachobadilisha. Mara nyingi ni kwamba uliandika default badala ya hw.

Kama baada ya kuunganisha unasikia muungurumo wa chini usiokoma, chomoa chaja ya kompyuta. Ukiisha, tatizo ni mzunguko wa ethi kati ya chaja na amplifaya. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja kwanza; mara nyingi hapo ndipo panapotosha. Usikubali fundi akate pini ya ethi kwenye plagi. Muungurumo utaondoka, na ulinzi wako utaondoka nao.

Hatua ya 6: Ingiza muziki

CD ni kazi rahisi. Programu ya abcde inasoma CD na kutoa FLAC kwa amri moja:

abcde -o flac

Ila CD nyingi tulizonunua barabarani zilichomwa kutoka MP3. Ukizigeuza FLAC unapata faili kubwa lenye ubora uleule mdogo. Programu ya Spek inakuonyesha picha ya sauti: nyimbo zikikatwa kama kwa kisu kwenye hezi 16,000, asili yake ni MP3 iliyobanwa sana. Zihifadhi kama MP3 na uandike kwamba unatafuta nakala bora.

Kaseti ndizo zinazostahili muda wako. Bendi nyingi za Tanzania za miaka ya 1960 na 1970 zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na watu wakarekodi kutoka hewani nyumbani kwao. Kaseti iliyo kabatini kwenu huenda ina tangazo, sauti ya mtangazaji, na upigaji ambao hakuna huduma ya kulipia inayouuza. Zianze hizo, kabla ya CD.

Safisha kichwa cha deki na roli ya mpira kwa pamba na isopropili alkoholi, usitumie spiriti yenye rangi. Peleka kaseti mbele hadi mwisho na kurudi mara moja, ili tepu ilegee. Kisha sikiliza sauti kali. Kama zimefifia, huenda kichwa cha deki yako hakijakaa pembe moja na kile kilichorekodi. Kuna skrubu ndogo kando ya kichwa. Izungushe kidogo sana kwa bisibisi huku wimbo unapiga, mpaka sauti kali ing'ae. Kwa kaseti iliyorekodiwa nyumbani, marekebisho haya yana faida kuliko programu yoyote ya kusafisha sauti baadaye.

Kompyuta nyingi za aina hii zina tundu la maikrofoni tu, nalo halifai. Tumia kifaa cha USB chenye matundu ya kuingizia sauti, mfano Behringer UCA202. Kwenye Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, weka kiwango ili kilele kisipite desibeli -6. Tepu kelele zake zipo tayari, hupotezi kitu kwa kuacha nafasi, lakini ukizidisha sauti ikakatika vichwani hairudi. Rekodi upande mzima bila kusimamisha. Hifadhi rekodi hiyo ghafi kama FLAC kabla hujakata nyimbo, na usiifute. Punguza kelele kwenye nakala, kwa mkono mwepesi. Matoazi ndiyo hufa kwanza.

Majina sasa. MusicBrainz Picard hutambua albamu za dunia, ila za kwetu nyingi hazimo, utaandika mwenyewe. Jiwekee kanuni moja. Yangu ni jina la bendi kama lilivyo kwenye lebo, na historia kwenye sehemu ya maoni. Chukua ndugu Wilson na George Kinyonga: walitoka Tanga wakaja kupiga hapa na Arusha Jazz mwaka 1970, mwaka uliofuata wakavuka kwenda Kenya, ambako walijulikana kama Simba Wanyika, na mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao wakajitenga wakaunda Les Wanyika. Ukiandika zote “Wanyika” umepoteza ramani. Ukiziacha bila kiungo, mtoto wako hatajua ni mti mmoja. Andika “ukoo wa Wanyika” kwenye maoni ya kila faili, na kwa sababu tuliweka mstari wa comment kwenye mpd.conf, unaweza kutafuta kwa maneno hayo na kuzipata zote.

Hatua ya 7: Chumba

Spika na kiti chako vitengeneze pembetatu ya pande sawa, na spika ndogo ya sauti kali iwe usawa wa sikio. Ziondoe ukutani angalau nusu mita. Zikiwa kwenye kona besi hujaa na kufunika kila kitu. Vyumba vyetu ni vya tofali na vigae, sauti inadunda: zulia nene kati yako na spika, na pazia zito dirishani, vinabadilisha zaidi kuliko DAC ya bei mara tano. Nyumba ikiwa ya bati bila silingi bodi, wakati wa masika usipandishe sauti kushindana na mvua. Utachoma spika.

Hatua ya 8: Nakala ya akiba

Nunua diski ya pili mara tu kazi ya kaseti inapoanza. Kila unapomaliza kaseti kadhaa, ichomeke na uandike:

rsync -av /srv/muziki/ /mnt/akiba/

Usiongeze --delete kwenye amri hiyo, la sivyo faili ulilolifuta kwa bahati mbaya litafutwa na kwenye nakala. Ukimaliza, ichomoe. Diski inayokaa imechomekwa inaungua pamoja na nyingine radi ikipiga, na mwizi anazibeba zote mbili kwa mkono mmoja.

Nakala ya tatu ikae nyumba nyingine. Wengi wetu tunapanda kwetu Desemba, Machame, Marangu, Rombo au Meru. Hiyo ndiyo ratiba nzuri ya kubadilishana diski. Nenda na mpya, rudi na ya mwaka jana, uikague kwa smartctl, kisha uijaze upya. Na huko kijijini uliza kaseti zilizobaki. Beba deki.